Tone la Bi Warda

Pale Waa ilikuwa ukitaka kujua nani anaoa na nani anaolewa, humwendei shehe wala humwendei mama wa biharusi. Unamwendea Warda. Warda alijua kabla ya fundi cherehani, kabla ya majirani, na safari moja, wallahi vile, alijua kabla ya bwana harusi mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa Samburu anapakia mbuzi kwenye lori, hana habari kwamba wazee wake wamekwisha kukubaliana.

Usidhani alikuwa mmbea. Mdomo anao, hilo sikatai, lakini habari hazikumfuata yeye. Zilifuata sufuria.

Sufuria lenyewe liliitwa Shibe. Lilikuwa la alumini, jeupe, pana hata mtu mzima angeweza kuogea ndani, na lilipika kilo ishirini na tano za mchele kwa mkupuo mmoja. Wanawake wa mtaa walichangishana wakalinunua tangu enzi za mama yake Warda, wakasema likae kwake kwa kuwa ni mwaminifu na ana ukumbi mpana. Mama alipofariki, likabaki kwa Warda. Desturi yake ilikuwa moja tu: hakuna harusi, hitima wala maulidi itakayopangiwa siku kabla mwenye shughuli hajaja kuuliza kama Shibe lina nafasi. Basi watu walikuja. Walivua viatu mlangoni, wakanywa chai, wakaulizia watoto, wakaulizia goti la Warda lililokuwa likimsumbua, halafu wakashusha sauti: "Sasa, Bi Warda, tumekuja kukuambia wewe kwanza."

Maneno hayo, "wewe kwanza", Warda aliyapenda kuliko halua. Mumewe Athmani, fundi wa mabomba anayezunguka mahoteli ya Diani na mfuko wake wa spana, alikuwa akimtania: "Mimi nilioa mke mmoja, nikaletewa na wa pili wa alumini. Na huyo wa pili ndiye anayesuguliwa kila siku."

"Na wewe ukipika pilau la watu mia nitakusugua," Warda humjibu.

Sasa sikiliza jinsi Shibe lilivyomponyoka.

Wanawake kumi na wawili wa mtaa huo walikuwa na kikundi cha kutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi. Mwenyekiti alikuwa Bimkubwa, mama wa makamo aliyemzidi Warda kama miaka kumi, mtu wa maneno machache na macho mengi. Katibu alikuwa Muhsina, kitinda mimba wa Bimkubwa, binti mwembamba asiyeachana na simu yake wala ndara zake za rangi ya waridi. Mkorogaji mkuu alikuwa Warda. Sabuni, kama hujapata kuiona ikitengenezwa, haina makuu: mafuta upande huu, na upande huu maji yaliyotiwa kostiki, ile chembechembe nyeupe kali inayobabua ngozi usipovaa glavu. Kostiki ikiingia kwenye maji, maji hupata moto yenyewe, bila kuni wala jiko. Unayaacha yapoe, unachanganya na mafuta, unakoroga mpaka mkono ukukatae, unamimina kwenye vijisanduku vya vibao, unaacha igande. Kikundi kilikuwa kikifanya hayo yote kwenye ndoo za plastiki, na mambo yalikuwa mswano.

Mpaka siku hoteli moja ya Diani ilipoagiza sabuni nyingi kwa mara moja, na ndoo zikaonekana chache.

"Ndoo za nini, na Shibe lipo?" akasema Warda. Akaenda mwenyewe kulileta, akalipangusa kwa kanga, akalisimamisha uani. Akatia maji. Akamimina kostiki.

Maji yakaanza kupata moto. Warda akaitikia kwa kichwa, ndivyo yanavyokuwa siku zote. Yakaanza kutoa povu. Povu hilo, akajisemea, ni kwa sababu sufuria ni kubwa. Halafu yakachemka. Yakatokota yakaruka juu, na mvuke mkali ukawakaba koo wote waliokuwa pale, na Shibe likawa linanguruma kwenye mchanga pasipo hata kijiti kimoja cha kuni chini yake.

"Jini!" akapiga kelele mmoja. Wakakimbia wote, wengine kwa mlango, wengine kwa uwazi wa ua, na Warda na goti lake bovu akawa wa kwanza barabarani.

Halikuwa jini. Ilikuwa kostiki inakula alumini. Lakini siku hiyo hapakuwa na aliyejua. Walisubiri mambo yakatulia, wakamwaga maji kwenye shimo, wakacheka mpaka mbavu zikauma, wakarudia ndoo zao. Warda akalibeba Shibe kwenda nyumbani, na huko ndiko alikoliangalia vizuri. Ndani lilikuwa jeusi. Alilisugua kwa mchanga na majivu kutwa nzima mpaka likarudi kuwa jeupe, lakini aliposhika kitako akakisikia kimekuwa chepesi, kinabonyea chini ya dole gumba. Akalielekeza juani, akaona vitundu viwili vitatu vya mwanga, vidogo kama ncha ya sindano.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe si kostiki. Kostiki ilikuwa bahati mbaya. Kosa ni kwamba alilifunika Shibe kwa mkeka na asimwambie mtu. Aliona haya. Alijiambia pilau likiwa zito litaziba. Alijiambia mengi, na yote alijua ni uongo.

Wiki iliyofuata ilikuwa harusi ya binti wa mzee Mwinga, jirani wa nyumba ya tatu. Shibe likachukuliwa, nyama ikatiwa, supu ikamiminwa, moto ukakokwa. Supu ikaanza kudondoka. Kisha kitako kikaachia, supu yote ikashuka kwenye kuni, moto ukazimika pshuu, na wageni waliotoka Msambweni na hata Lunga Lunga wakala mikate ya mofa na soda saa kumi alasiri. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Bimkubwa alilipindua sufuria, akaingiza kidole kwenye tundu, akamtazama Warda. "Warda. Ulijua?"

"Nilijua, dada."

Bimkubwa akaliweka sufuria chini, akaenda kuwaomba wageni radhi. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Wanawake walichangishana upya, Warda akatoa kuliko wote, na sufuria jipya likanunuliwa Mombasa, nalo likaitwa Shibe vilevile. Lakini lilipoteremshwa kwenye gari, wabebaji walipita mlango wa Warda wakaenda kuliweka kwa Bimkubwa. Hakuna aliyetangaza kitu. Hakuna aliyemnunia. Walimsalimu, walimpa kazi yake ya kukoroga sabuni kama kawaida, walicheka naye. Ila hawakuja tena asubuhi kuvua viatu mlangoni kwake. Harusi iliyofuata Warda aliisikia kwa muuza samaki, tena baada ya kuuliza bei ya changu. Aliingia jikoni, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akalia hasa, kilio cha mtu mzima, mpaka Athmani akakosa la kumtania.

Mwanamke mwingine angekata tamaa. Warda alikasirika. Hakuikasirikia kostiki wala hakumkasirikia Bimkubwa, ila ule ujinga wake wa kutojua chombo gani kinaweza kubeba kitu gani. Na hebu fikiria: si ni yeye aliyefundishwa na mama yake kwamba mchuzi wa ukwaju haulazwi kwenye sufuria la alumini, utageuka ladha? Si anajua kwamba samaki wa kupaka anataka chungu? Kumbe kila kitu cha jikoni alikijua, na cha kiwandani ni jikoni vilevile, ila mchuzi wake ni mkali zaidi.

Akaanza kupima. Alichanganya maji ya kostiki kwenye kibakuli cha plastiki ngumu, akavaa glavu, akachukua kijiti cha ufagio wa makuti, akawa anadondosha tone moja juu ya kila kitu alichokitia mkononi. Kipimo chake cha muda kilikuwa wali: anabandika wali wa nazi, anadondosha tone, na wali ukiiva anakwenda kutazama. Kifuniko cha alumini kilitoa povu kabla maji ya wali hayajachemka. Kipande cha bati la paa kilifanya vipovu vidogo vya siri, kidogo kidogo, mpaka mng'aro wake ukatoka. Mwiko wa mti ulikuwa mzima kwa siku moja, baada ya wiki ukawa na nyuzinyuzi kama nyama ya bata mzee. Chupa nyepesi ya maji ya kununua ilifanya ukungu, ikapasuka. Ndoo ngumu ya plastiki, nzima. Kipande cha chuma cheusi kutoka mfuko wa Athmani, kizima. Kijiko cha hotelini, kile cha stenlesi kisichoshika kutu, ambacho Athmani aliapa kwamba alipewa, kizima kabisa, hata doa hakina. Vyote alivifunga kwenye kamba jikoni, vikaning'inia pale pamoja na vitunguu saumu, na mgeni akiingia Warda humtembeza kutoka kimoja hadi kingine akimweleza tabia zao.

Watu wakamwita Bi Tone. Akinunua ungo, wanamwuliza, "Umeutia tone?" Mzee Mwinga aliposa mke wa pili, wakasema amlete kwanza kwa Warda. Naye akicheka nao, lakini hakuacha.

Mwaka jana hoteli ile ile ya Diani ikarudi na maneno mazito. Wanataka sabuni ndogondogo za wageni, za kila mwezi, mwaka mzima. Ndoo hazingefua dafu. Kikundi kikapata ufadhili wa kununua tangi moja la kuchemshia na kukorogea sabuni, moja tu, na ukikosea kulichagua hakuna wa kukupa la pili. Muhsina akatafuta kwenye simu, akampata muuzaji wa mitambo aitwaye Hesbon, kijana wa bara mwenye karakana kule Mombasa, na Hesbon akaja Waa na tangi mgongoni mwa pikapu.

Lo! Tangi lilikuwa zuri, tusidanganyane. Lita mia mbili, linang'aa hata ukijitazama unatengeneza ushungi, lina injini ya kukoroga juu na koki kubwa chini ya kumiminia sabuni. Wanawake walilizunguka uani kwa Bimkubwa wakilipapasa.

"Sasa mamathe, hii kitu ni noma," akaanza Hesbon. "Stenlesi tupu, orijino, na..."

"Kijana," akasema Bimkubwa.

"Naam?"

"Kwenu hakuamkiwi?"

Hesbon akameza mate. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," wakaitika wote kumi na wawili kwa pamoja, na kuanzia hapo mambo yakaenda kwa adabu.

Hesbon akaeleza yote, injini, nguvu ya umeme, namna ya kuosha. Ni kijana mzuri, si tapeli, na alikiamini alichokuwa akikiuza. Alipomaliza, Bimkubwa akasema, "Haya, kesho tutaweka sahihi." Vigelegele vikaanza. Na katikati ya vigelegele Warda akatoa kwenye mkoba kichupa chake cha maji ya kostiki na kijiti cha ufagio.

"Ah, Warda!" wakalia. "Leo pia?"

"Leo hasa."

Akavaa glavu, akainamia ndani ya tangi mpaka ikabaki miguu tu, akadondosha tone lake. Muhsina akaambiwa abandike wali. Wakangoja. Hesbon akangoja pia, anatazama saa, haelewi kwa nini biashara yake inategemea wali. Ulipoiva, Warda akainama tena. Alipoinuka akavua glavu. Palikuwa safi, hata alama hakuna.

"Tangi ni zuri," akasema. "Sina neno nalo."

Walimcheka, jamani! Walimcheka mpaka mmoja akakaa chini. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!" akasema mmoja, na mwingine akamwambia akampime sasa mumewe. Hata Bimkubwa alitabasamu. Warda akacheka nao, maana ndivyo heshima inavyotaka, lakini moyoni aliumia. Kwa siri alikuwa akitumaini kupata kitu. Alitaka waone siku hiyo kwamba Warda wa sasa si yule wa mkeka.

Wali ule ule waliula. Hesbon akaliacha tangi uani, akaenda kulala Ukunda.

Jioni, baada ya magharibi, Warda alimsimulia Athmani huku akimpakulia mchicha. Athmani alisikiliza yote, akamenya embe, akauliza kwa upole kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Na koki?"

"Koki imefanyaje?"

"Umeipima?"

Warda akaweka upawa chini.

"Mimi miaka ishirini hotelini sijaitwa hata siku moja kwamba tangi limetoboka ubavuni," akasema Athmani. "Naitwa koki, naitwa maungio. Tangi linaweza kuwa la mfalme, koki ikawa ya mtumwa. Nje inapakwa ing'ae, ndani wewe unajua ni nini?"

Embe likamshinda Warda. Maana alijua anachotakiwa kufanya, na hakutaka. Arudi kesho asubuhi, mbele ya wanawake wale wale, baada ya kuchekwa vile, aseme sikumaliza, naomba koki ifunguliwe? Na koki ikiwa nzima? Watamwita mchawi wa biashara. Watasema anaharibu kwa sababu sufuria halikai kwake. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Pengine koki ni nzuri. Pengine sabuni ikiwa nzito...

Akajisikia anavyosema. Pilau likiwa zito litaziba. Yalikuwa maneno yale yale, yamevaa nguo nyingine.

"Athmani," akasema, "kesho asubuhi nitaazima spana yako kubwa."

"Chukua na mwenye nayo," akajibu mumewe.

Walipofika, uani kwa Bimkubwa kulikuwa kama sikukuu. Mahamri yamekwisha kuchomwa, mbaazi zinanukia, Hesbon amevaa shati la mikono mirefu, makaratasi yako mezani na kalamu juu yake. Bimkubwa alikuwa amekwisha kuvaa miwani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Warda. Karibu. Hiyo spana ni ya nini?"

Kumi na wawili ukimtoa yeye ni kumi na mmoja, na wote walimtazama. Warda alisikia masikio yakipata moto. Akasema haraka, kabla ujasiri haujamtoka, "Dada, jana sikumaliza kazi. Nilipima tangi, koki sikuipima. Naomba ifunguliwe."

Mtu akaguna. Muhsina akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mama Warda, si tulishasubiri wali wote ule?"

"Warda," akasema Bimkubwa taratibu, na hakuwa akitabasamu. "Watu wameshakubaliana. Jana umesema mwenyewe huna neno."

"Nilisema, na nilisema mapema. Dada, safari ile ya Shibe niliona tundu nikanyamaza kwa sababu ya haya. Mnajua wote. Tangu siku hiyo sijala pilau la harusi likapita kooni vizuri. Nichekeni, mimi si wa kwanza kuchekwa. Lakini kunyamaza sinyamazi tena."

Hapo hata mahamri yaliacha kutafunwa. Hakuna aliyekuwa amepata kulitaja jambo lile waziwazi, na sasa limetajwa na mwenyewe.

Bimkubwa akavua miwani. "Fungueni," akasema.

Athmani akaifungua koki, mizunguko mitano, akamkabidhi mkewe. Kwa nje iling'aa sawa na tangi. Warda akaipima kwanza kwa mkono: ilikuwa nyepesi, na stenlesi haiwi hivyo. Akaiweka juu ya jiwe, akadondosha tone lake kwenye tundu la ndani.

Safari hii hawakuhitaji wali. Povu lilitoka pale pale, jeupe, likafura likamwagika mdomoni mwa koki, likawa linachirizika na kutoa sauti ndogo ya kukaanga. Mwanamke aliyewahi kupiga kelele za jini alirudi nyuma hatua mbili.

"Huyu," akasema Warda, "ni ndugu yake Shibe."

Hesbon alikuwa amepauka. "Mama, naapa, sikujua," akasema, na Kiswahili chake kikanyooka kwa hofu. "Tangi hili lilitengenezwa kwa maziwa, kule bara. Maziwa hayali koki. Mimi niliona ni stenlesi, nikajua yote ni stenlesi."

"Maziwa hayana ugomvi na mtu," akasema Athmani. "Lakini hawa hawapiki maziwa."

Bimkubwa hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa akiitazama sehemu ile chini ya tangi ambako koki ilikuwa. "Warda, ingekuwaje?"

"Ingekaa wiki, pengine mbili, dada, inaliwa kwa ndani na hatuoni. Halafu siku moja ingeachia, na tangi limejaa. Lita mia mbili, za moto, za kostiki."

"Na kwenye koki tulimpanga nani?"

Walikuwa wamempanga Muhsina, kwa kuwa ana mkono mwepesi wa kujaza vibao. Wote, bila kuambiana, wakaangalia chini, kwenye zile ndara za rangi ya waridi na vidole kumi vilivyotiwa hina. Muhsina naye akaviangalia. Bimkubwa akakaa kwenye kiti pole pole, akashika mkono wa bintiye, asiuachie kwa muda mrefu.

"Alhamdulillah," akasema mwisho. "Hesbon, mwanangu, kunywa chai. Halafu nenda kalete koki nyingine."

Ilichukua siku nne. Hesbon alileta koki tatu kutoka maduka matatu, akazipanga mbele ya Warda kama mwanafunzi anayepeleka madaftari. Ya kwanza ilitoa povu. Ya pili na ya tatu zilikaa kimya mpaka wali ukaiva, zikakaa kimya mpaka kesho yake. Athmani akaifunga ile nzito zaidi. Muhsina akanunuliwa buti za mpira mpaka magotini, akalalamika kwamba hazipendezi na nguo, akaambiwa na mama yake avae na afunge mdomo. Na Hesbon, mpaka leo, kabla hajauza chombo kwa watu wa sabuni au wa dawa za kusafishia, humpigia simu Warda: "Shikamoo, mama. Nina pampu hapa, sijui nitie tone wapi."

"Tia pale unapoogopa kutia," Warda humjibu.

Tangi likafanya kazi. Sabuni zikaenda Diani, zikaenda hata Chale. Watu wakaendelea kumwita Bi Tone, ila sasa wakisema hawacheki sana, na wengine huongeza "mama" mbele. Warda alifurahi. Lakini asubuhi, akifagia mlango wake, bado alikuwa na tabia ya kutupa jicho njiani, na njia bado ilikuwa tupu.

Alhamisi moja baada ya alasiri alikuwa akikuna nazi aliposikia magurudumu ya mkokoteni yanalia mchangani. Hakunyanyua kichwa, alidhani ni muuza maji. Mkokoteni ukasimama. "Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Bimkubwa. Warda alitoka na mikono yake imejaa nazi. Mkokoteni ulisukumwa na mzee Mwinga mwenyewe, ana jasho hilo, na juu yake, limefungwa kamba nyingi hata kuku asingeweza kupita, lilikuwapo Shibe.

"Karibu, dada. Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba." Bimkubwa akavua viatu mlangoni, kimoja, halafu kingine, bila haraka. "Nimechoka nalo. Linanijazia ukumbi, na panya wamelifanya nyumba. Utaliweka?"

Warda akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimshuka, na hakujipangusa kwa sababu ya mikono ile. Mzee Mwinga, ambaye binti yake ndiye aliyeozwa kwa mikate na soda, akakohoa, akaanza kufungua kamba.

"Chai ipo?" akauliza Bimkubwa akikaa mkekani.

Chai ilikuwapo. Bimkubwa akanywa, akaulizia watoto, akaulizia goti. Halafu akaweka kikombe chini, akasogea, akashusha sauti hata mzee Mwinga pale nje asingesikia.

"Sasa, Warda. Muhsina amechumbiwa. Shangazi zake hawajui, kina mama wa kikundi hawajui. Nimekuja kukuambia wewe kwanza."

Warda alijipangusa uso kwa upande wa kanga. Akainuka, akaenda kwenye Shibe, akaliinamisha, akalipindua, akapitisha dole gumba kitakoni mwote, polepole, akaliinua juani akatazama. Halikuwa na tundu. Ila chini kabisa, pembeni, palikuwa na ukoko mweusi wa miaka mitatu.

"Dada!" akasema. "Hili sufuria mlikuwa mkilisugua na nini?"

"Haya, tumeanza," akasema Bimkubwa.

"Wageni wangapi?"

"Mia mbili."

"Nipe wiki mbili," akasema Warda, akaita aletewe mchanga.